Namna ya Kujenga Nyumba ya Kwanza Dar es Salaam kwa Kipato cha Kawaida

Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, dereva wa kampuni au mama mwenye genge la mboga anayeishi kwa kupanga Dar es Salaam hukutana na jambo lile lile kila mwaka: mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kiwanja au matofali zinaondoka kwa siku moja. Wengi wao hawashindwi kujenga kwa sababu ya uvivu au anasa, kama wanavyosimangwa. Wanashindwa kwa sababu fedha kidogo wanazozipata zinaingia kwenye ujenzi kwa mpangilio usiowasaidia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unashikilia jambo moja: panga hatua zako ili ufike mapema iwezekanavyo kwenye nyumba ndogo inayokalika, juu ya ardhi ambayo hakuna atakayekuondoa, kwa maana siku unapoacha kulipa kodi ndipo ujenzi wako unapopata nguvu.

Hesabu ya kuanzia

Tuchukue kaya inayobakiwa na shilingi 750,000 kwa mwezi baada ya makato, inayopanga vyumba viwili kwa shilingi 120,000, na ambayo kwa kujibana inaweka akiba ya shilingi 200,000. Kwa mwaka kaya hiyo ina shilingi milioni 2.4 za kujengea. Ikihamia kwake, hata kama kuta hazijapigwa plasta, zile 120,000 za kodi zinaungana na akiba na kuwa shilingi 320,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya milioni 3.8 kwa mwaka, bila mshahara kupanda hata shilingi moja. Kila uamuzi unaofuata, wa kiwanja, wa ramani, wa bati au wa mkopo, upimwe kwa kuuliza kama unaisogeza karibu siku ya kuhamia au unaisogeza mbali.

Njia ya kununua nyumba iliyokamilika kwa mkopo wa benki ipo, na tangu ilipoanzishwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, muda wa marejesho umerefuka. Kinachomkwamisha mtu wa kipato cha kawaida ni riba. Mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukirejeshwa kwa miaka 15, unadai takriban shilingi 587,000 kila mwezi, na mwisho wa safari utakuwa umelipa karibu milioni 106. Kwa kaya ya mfano wetu, hiyo ni zaidi ya robo tatu ya kipato. Kwa mtumishi wa umma, kanuni inayotaka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato yote ingeuzuia mkopo huo hata kama benki ingependa kuutoa. Kwa hiyo mkopo mkubwa tuuweke kando. Mkopo mdogo utapata nafasi yake baadaye, katika hatua moja tu.

Karatasi kabla ya kiwanja

Hapa ndipo watu wa kipato kidogo wanapoumia zaidi, kwa sababu akiba ya miaka mitano au sita hukabidhiwa mtu mmoja kwa saa moja, mara nyingi mbele ya dalali mwenye haraka. Haraka hiyo usiikubali. Muuzaji wa kweli hatakosa kukusubiri wiki mbili ufanye uchunguzi, na asiyekubali kukusubiri amekwisha kukupa jibu.

Kama kiwanja kimepimwa, muombe muuzaji namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kisha uende mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri bila kuongozana naye. Ulizia mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni matumizi ya kiwanja katika mchoro wa mipangomiji, kwa sababu vipo viwanja vinavyouzwa kama vya makazi ilhali kwenye mchoro ni eneo la wazi, la shule au la barabara. La pili ni mmiliki: kama hati imetolewa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ambao utakuonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki, na kama ardhi hiyo imewekwa rehani benki au ina zuio la mahakama. Barua ya toleo, ile ya kukujulisha kuwa umegawiwa kiwanja, si hati, na nakala ya hati si hati halisi. Yote mawili yanahitaji kuthibitishwa na ofisi yenyewe.

Baada ya hapo nenda uwanjani na mpima aliyesajiliwa, ukiwa na nakala ya ramani ya upimaji. Kwenye kila kona ya kiwanja panapaswa kuwa na bikoni, kipande cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, yenye herufi na namba zake. Futa udongo kwa mkono, soma namba hizo, kisha uzilinganishe na zile zilizoandikwa kwenye ramani, kona baada ya kona. Bikoni ikikosekana, au namba isipolingana na ya kwenye ramani, usilipe mpaka mpima airudishe mahali pake. Nyumba zimewahi kujengwa kwa uangalifu mkubwa, na vibali vyote, juu ya kiwanja cha mtu mwingine kwa kosa la kona moja.

Kwa ukweli, wengi watanunua ardhi ambayo haijapimwa, kwenye maeneo kama Chanika, Msongola au Vikindu, ambako mashamba hukatwa na kuuzwa kwa hatua za miguu. Ununuzi huo unawezekana, ila una masharti yake. Pima kwa futi ya fundi, usikubali hatua za mguu wa mtu, na uandike mita za kila upande kwenye mkataba. Waite majirani wa pande zote wasimame kwenye mipaka yao na watie saini kama mashahidi. Andikishana mbele ya mwanasheria na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa kutegemea eneo lilipo, na kila malipo unayoombwa hapo uyadai kwa risiti. Uliza pia kama urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, umekwisha kufanyika au unakuja, kwa sababu upimaji utakapofika barabara zitapanuliwa, na kiwanja cha mita 15 kwa 15 kinaweza kupoteza mita kadhaa upande wa njia. Leseni ya makazi inayotolewa katika baadhi ya maeneo hayo ni haki ya muda mfupi, isiuzwe kwako kwa bei ya hati.

Ardhi ya familia inahitaji uangalifu wa pekee. Kama mwenye shamba alifariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi uione kwa macho yako. Mtoto mkubwa wa marehemu, hata akiwa mtu mwema anayeheshimika mtaani, hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, ridhaa ya mwenza wake iwe kwa maandishi. Kesi nyingi kwenye mabaraza ya ardhi na nyumba zinaanzia hapo: mke aliyekuwa shamba wakati wa mauzo anarudi na kukuta msingi umechimbwa.

Lipo tena suala la hifadhi, yaani maeneo ambayo sheria hairuhusu kujenga. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ziko barabara zenye hifadhi pana zaidi kutokana na sheria za zamani. Waliobomolewa Kimara hadi Kibamba mwaka 2017, wakati Barabara ya Morogoro ilipokuwa ikipanuliwa, walikuwemo watu waliojenga kwa miaka mingi na kulipa bili zao za umeme na maji kila mwezi. Bili ya umeme haithibitishi umiliki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko wa bahari. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha wakazi wa bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, na viwanja vya bei nafuu isiyoelezeka bado vinauzwa kwenye mabonde ya vijito vinavyoonekana vikavu mwezi Septemba. Ukiweza, kitembelee kiwanja mwezi Aprili, siku ya pili baada ya mvua kubwa, na uangalie maji yamepita wapi na yamesimama wapi. Usipoweza, waulize wapangaji wa jirani, kwa sababu wao hawana ardhi ya kukuuzia.

Umbali nao una bei. Ikiwa kuhamia kiwanja cha mbali kutaongeza nauli ya shilingi 1,000 kwa kila safari, na watu wawili wa kaya wanakwenda na kurudi siku 26 za mwezi, hiyo ni shilingi 104,000, karibu kodi yote uliyokuwa ukiikimbia. Kiwanja cha mita za mraba 300 penye daladala na bomba la maji kina faida kwa mfanyakazi kuliko nusu eka porini. Ulizia pia nguzo ya umeme ya mwisho iko umbali gani: anayeunganishwa ndani ya mita 30 hahitaji nguzo mpya, na gharama ya nguzo mbili au tatu inaweza kuchelewesha kuhamia kwa miezi mingi.

Ramani inayokua

Maboma makubwa yasiyo na paa, yaliyoota magugu sebuleni, yamejaa kuanzia Goba hadi Chamazi. Kila moja lilianza na ramani ya vyumba vinne, sebule mbili na baraza, na mwenye nyumba akamaliza nguvu zake kwenye kozi, yaani safu ya matofali, ya mwisho kabla ya lenta, mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Fedha iliyozama kwenye boma hilo haizuii mvua wala haipunguzi kodi. Ninasikitika kila ninapoyaona, kwa sababu ndani ya kila moja pana matofali ya kutosha nyumba ndogo nzima.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kuchora nyumba nzima unayoitaka, kuiombea kibali cha ujenzi halmashauri, kisha kujenga sehemu ya nyuma peke yake: vyumba viwili, sebule ndogo na choo. Fundi aache meno, matofali yaliyochomoza, kwenye ukuta utakaoendelezwa, na paa lipangwe tangu mwanzo namna litakavyoungana na lile lijalo. Ya pili ni kujenga kwanza banda la uani, vyumba viwili na choo nyuma ya kiwanja, ukaishi humo huku nyumba kubwa ikipanda mbele yako. Mimi naipendelea hii ya pili pale kiwanja kinapofika mita 20 kwa 20, kwa sababu nyumba kubwa ikiisha banda linaweza kupangishwa, na pia kwa sababu kuunganisha paa la zamani na jipya ni kazi inayovujisha maji isipofanywa na fundi hodari. Katika njia zote mbili, karo la choo likae mahali ambapo gari la majitaka litafika miaka kumi baadaye, na liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima chochote, chako au cha jirani.

Tuangalie ukubwa kwa namba. Nyumba ya mita 7 kwa 8, pamoja na kuta za ndani, ina takriban mita 46 za ukuta. Kwa urefu wa mita 3, ukitoa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 120, na kila mita ya mraba huhitaji matofali tisa ya inchi sita yakisimamishwa. Hayo ni kama 1,100. Msingi wa kozi nne za matofali ya kulaza unakula mengine 400, kwa hiyo ukiwa na 1,600, pamoja na yatakayovunjika, unafikia lenta. Kwa kufyatua matofali 30 kwa mfuko wa kilo 50, unahitaji mifuko isiyozidi 54 ya saruji kwa matofali yote. Namba hizi zinampa mtu mwenye akiba ndogo ujasiri wa kuanza, na zinamwezesha kumuuliza fundi aliyeomba matofali 3,000 kwa ramani hiyo hiyo atayaweka wapi.

Fedha ndogo iende kwenye kitu gani

Anayejenga kwa akiba ya kila mwezi ana tatizo ambalo mwenye mkupuo hana: fedha ikikaa mfukoni inatumika. Kwa hiyo igeuze kuwa kitu, lakini uchague kitu kinachostahimili. Tofali linastahimili: likimwagiliwa kila siku katika wiki ya kwanza, kila mwezi linaokaa halikupunguzii kitu. Saruji haistahimili. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu hivi, hasa kwenye unyevu wa pwani, huanza kuganda kwenye mfuko na kupoteza nguvu, hivyo inunuliwe kwa wiki ya kazi. Nondo zikipigwa na mvua hushika kutu, mbao hupinda, na mchanga wa lori uliomwagwa kwenye kiwanja kisicho na mlinzi hupungua kila usiku.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa kwanza baada ya kupata kiwanja uwe wa matofali. Ama yafyatuliwe pale pale ukiwa umesimamia mwenyewe, ama ununue kidogo kidogo kwa mfyatuaji unayemwamini. Kabla ya kulipa, chukua tofali lililokauka, likwangue kona kwa msumari: likimong'onyoka kama mchanga mtupu, saruji ilikuwa ndogo. Kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu. Tofali zuri linaweza kukwanyuka kona, ila halipasuki vipande vitatu. Chagua matofali mawili matatu kutoka katikati ya rundo, kwa sababu ya juu ndiyo yaliyopangwa uyaone. Kwa zege la msingi, nguzo na lenta tumia saruji ya daraja la 42.5, ile ya 32.5 inafaa kwa plasta.

Msingi uchimbwe baada ya masika, kati ya Juni na Septemba, ili kuta zisimame kabla ya mvua za vuli. Fundi umlipe kwa hatua iliyokamilika, msingi, kuta, lenta, na makubaliano yaandikwe hata kama ni shemeji yako. Kuwepo kwako kiwanjani siku ya kumwaga zege ni muhimu kuliko siku nyingine zote: hesabu mifuko mitupu jioni, na uhakikishe uwiano wa saruji, mchanga na kokoto, 1:2:4, unapimwa kwa ndoo au karai na si kwa kukadiria kwa sepetu.

Paa ndilo la kukopea

Kila hatua ya nyumba inagawanyika isipokuwa paa. Unaweza kujenga kozi mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao, lakini huwezi kupaua nusu ya chumba ukaiita kazi. Mbao, bati, misumari na ufundi vinatakiwa kwa pamoja, na hapo ndipo mtu anayeweka shilingi 200,000 kwa mwezi hukwama mwaka mzima akitazama kuta zikilowa. Mkopo mmoja, wa kiasi cha paa tu, una maana hapa, kwa kuwa unakuhamisha kutoka nyumba ya kupanga, na kodi usiyolipa inakuwa marejesho yake.

Uutafute kwenye SACCOS ya kazini au kikundi chako kabla ya kwenda kwingine. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa hiyo kujiunga kuanze mwaka wa matofali, si mwezi wa kupaua. Usikubali mkopo wa simu au wa mtu binafsi wa riba ya kila mwezi kwa kazi hii. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inakula paa kabla halijafika. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi pia hupokea malipo kidogo kidogo ya bati hadi bei itimie, na bei ikipanda katikati hubaki ile ya siku ya makubaliano, mradi iandikwe kwenye risiti.

Paa lenyewe liwe rahisi. Mgongo wa tembo, paa la miteremko miwili tu, unahitaji mbao chache na maungio machache kuliko paa la migongo mingi, na maji hayana pa kusimama. Lile la kuficha nyuma ya ukuta, ambalo limekuwa fasheni, linadai mifereji isiyo na dosari na matengenezo ya mara kwa mara, kwa hiyo halimfai anayejenga kwa akiba. Punguza mapambo, usipunguze ubora: bati la geji 28 au 30 na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mchwa wa Dar es Salaam hausamehi mbao ghafi.

Siku ya kuhamia

Unahamia ukiwa na paa, jamvi la zege lililosawazishwa, milango miwili ya kufunga, madirisha yenye grili na wavu wa mbu, choo kinachofanya kazi, na maji ya kutumia hata kama ni ya simtanki. Plasta ya ndani ipigwe kwanza chumba watakacholala watoto, kwa ajili ya vumbi. Dari, vigae, rangi na vioo vya aluminiamu havimo kwenye orodha hii, na ndugu watakaokuja kusema nyumba haijaisha wapokewe kwa chai. Wewe hudaiwi kodi.

Kuanzia mwezi huo, zile 120,000 zitengwe siku ile ile uliyozoea kumpelekea mwenye nyumba. Ziende kwanza kwenye marejesho ya paa, kisha kwenye plasta, kisha kwenye kufuatilia hati kama bado hujaipata. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, lakini kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja chenye hati hulipwa kando kila mwaka, na limbikizo lake linaweza kufikisha ardhi kwenye ufutwaji wa miliki. Fungua jalada moja la mkataba wa mauzo, ramani, kibali, risiti za ardhi na risiti za vifaa, nakala zake zikae kwa ndugu unayemwamini. Na kama mmejenga wawili, mume na mke mliojinyima pamoja, fomu ya kuomba hati ijazwe kwa majina yenu yote mawili siku hiyo hiyo, kwa sababu kuongeza jina baadaye kuna gharama, na mjane aliyeachwa nje ya hati hulazimika kulithibitisha mahakamani jasho ambalo majirani wote walikuwa wakiliona.